Mwalimu wa Nasik: Habari za Padri William Salter Price

Sisi wa Korogwe na Handeni tumezoea kusikia habari za wazee wa UMCA: Askofu Steere aliyejenga Kanisa Kuu la Unguja mahali palipokuwa soko la watumwa, Askofu Smythies aliyetembea kwa miguu mpaka Ziwa Nyasa, na Askofu Weston aliyefariki Hegongo tarehe 2 Novemba 1924. Hao ni wa kwetu. Safari hii twavuka mpaka, twende Mombasa kwa wenzetu waliolelewa na chama kingine cha Kanisa letu, yaani CMS, tukamtazame mtu anayejulikana sana kule na kidogo sana huku. Jina lake William Salter Price. Alikuwa padri, au kasisi kama wasemavyo wenyewe Mombasa, lakini kilichomfanya akumbukwe ni ualimu wake. Wanafunzi wake walikuwa Waafrika, watoto wa bara letu hili hili, ila shule yao haikuwa Afrika. Ilikuwa India.

Price alizaliwa mwaka 1826. Mwaka 1849 CMS ilimpeleka India, upande wa Bombay, akawekwa Nasik, mji ulio kando ya Mto Godavari, ambao Wahindu wauona kuwa mtakatifu sana. Nje ya mji huo, mnamo mwaka 1854, alianzisha kijiji cha Wakristo kikaitwa Sharanpur, maana yake mji wa kimbilio. Wahindi waliobatizwa siku zile walifukuzwa na jamaa zao na kunyimwa kazi, basi Price aliona kwamba haifai kumbatiza mtu kisha kumwacha njiani bila riziki. Kikajengwa kijiji, na shule, na karakana za useremala na uhunzi, na bustani za kulima.

Sasa watoto wa Kiafrika walifikaje huko? Wakati ule manowari za Kiingereza zilikuwa zikizunguka baharini kuyakamata majahazi yaliyobeba watumwa kwenda Arabuni na Ghuba. Jahazi likikamatwa, kulikuwa na shida ya pili: watu hawa wateremshwe wapi? Unguja haikuwezekana, maana huko utumwa ulikuwa bado halali, na mtu aliyeachiliwa leo angeweza kuibwa kesho. Kwa hiyo wengi walipelekwa katika bandari zilizotawaliwa na Waingereza, Aden na Bombay. Mle Bombay mmisionari mmoja Mjerumani wa CMS, jina lake Isenberg, alikuwa amekusanya baadhi yao katika nyumba ya malezi, na mnamo mwaka 1860 watoto hao wakahamishiwa Sharanpur. Ndivyo Price, aliyekwenda kuwafundisha Wahindi, alivyojikuta na darasa la Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengine, watoto wasiojua hata njia waliyopitishwa mpaka kufika pwani.

Hapa nataka kuwakumbusha wasomaji wa Handeni jambo moja. Wazee wa Kizigua husimulia habari za njaa kubwa ya zamani, miaka ya 1830, ambapo watu wa kwetu walichukuliwa kwa majahazi mpaka Barawa wakauzwa, na wengine wakatoroka wakajifanyia makao kando ya Mto Juba katika nchi ya Somalia. Wajukuu zao wasema Kizigula hata leo. Wale walivuka pamoja, wakakaa pamoja, lugha ikabaki. Watoto wa Nasik hawakuwa na bahati hiyo. Waliletwa mmoja mmoja, wadogo, kila mtu na kabila lake, na baada ya miaka michache wengi walikuwa wakisema Kimarathi na Kihindustani na Kiingereza, na maneno ya mama yamekwisha kupotea. Hata majina yalipotea. Katika ubatizo walipewa majina ya Kizungu, na mara nyingi jina la pili lilikuwa la mwalimu au la mfadhili. Hivyo twasikia habari za Richard Isenberg, na James Deimler, na Simon Price. Mtoto asiyejua baba yake ni nani akaitwa kwa jina la mwalimu wake. Waweza kulitazama jambo hili kwa huzuni au kwa furaha. Mimi naona yote mawili yamo.

Price aliwafundisha kusoma na kuandika, akawafundisha Maandiko, na kila mvulana akapewa kazi ya mkono. Wasichana walikuwako pia, na wengi wakaoana humo humo kijijini. Kwa hiyo walipokuwa watu wazima hawakuwa wanafunzi tu, walikuwa nyumba na nyumba, baba na mama na watoto, na mwalimu aliwajua wote.

Mwaka 1864 wa kwanza walirudishwa Afrika. Walikuwa vijana watatu na wake zao: William Jones, Ishmael Semler na George David. Walipelekwa Rabai, karibu na Mombasa, wamsaidie mzee Rebmann, yule aliyekuwa Mzungu wa kwanza kuandika habari za theluji ya Kilimanjaro. Mwaka uleule kwetu Unguja Sultani Majid alimkabidhi Askofu Tozer watoto watano waliokamatwa katika jahazi, na mmoja wao, John Swedi, akaja kuwa shemasi. Basi kazi ile moja ilianza katika pande mbili za bahari, na wenyewe hawakujua.

Mwaka uliofuata, 1865, Dakta Livingstone alifika Bombay. Gavana wa huko alikuwa Sir Bartle Frere, mtu aliyeipenda sana shule ya Nasik, na Livingstone akapata vijana tisa kutoka shule hiyo wafuatane naye katika safari yake ya mwisho. Simon Price alikuwa mmojawapo. Pamoja nao alikwenda Chuma, Myao aliyeokolewa mwaka 1861 na Livingstone na watu wa Askofu Mackenzie, akasoma Bombay katika shule nyingine. Ukweli usemwe: Livingstone alilalamika sana juu ya vijana wa Nasik. Baadhi yao walimwacha njiani, mmoja akafa mapema, na safari yenyewe ilikuwa ya miaka saba ya njaa na homa. Nani angestahimili? Lakini Edward Gardner alibaki mpaka mwisho. Na mwaka 1872 wengine sita walipelekwa kumtafuta Livingstone, wakamfikia Unyanyembe pamoja na wapagazi waliopelekwa na Stanley. Kati ya hao sita walikuwa Jacob Wainwright, Carus Farrar na Matthew Wellington.

Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo mwaka 1873, Chuma na Susi na wenzao walikata shauri la kuubeba mwili wake mpaka pwani. Moyo wake ulizikwa pale pale chini ya mti, na aliyesoma sala za maziko alikuwa Jacob Wainwright, aliyefunzwa kusoma Nasik. Ni yeye pia aliyechonga maandishi katika mti ule. Mwili ulifika Bagamoyo Februari 1874, na tarehe 18 Aprili ukazikwa London katika Kanisa la Westminster. Wainwright alikuwa mmoja wa waliolishika jeneza, Mwafrika peke yake kati yao. CMS ndiyo iliyomlipia nauli. Waingereza waliosoma magazeti siku ile walimwona kijana mweusi amesimama na wakubwa wa nchi, wakauliza ametoka shule gani. Jibu lilikuwa Sharanpur.

Wakati huo Price alikuwa amekwisha kurudi Uingereza. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minane, na angeweza kukaa kwa amani katika mtaa fulani wa mashambani. Lakini mambo yalikuwa yamebadilika. Mwaka 1873 Frere alipelekwa Unguja kuzungumza na Sultani Barghash, na tarehe 5 Juni mwaka huo mkataba ukatiwa saini wa kufunga soko la watumwa na kuzuia kuwasafirisha kwa bahari. Frere alipita pia Mombasa, akashauri kwamba watu wanaookolewa wasipelekwe tena Bombay, bali kijiji cha kuwapokea kijengwe hapa hapa Afrika, na watu wa Nasik ndio wawe walimu na mafundi wake. CMS ilikubali. Likabaki swali la nani atakwenda kukianzisha. Hakuwako aliyewajua watu wa Nasik kuliko yule aliyewalea.

Price alifika Mombasa mwisho wa mwaka 1874. Rabai alimkuta Rebmann, mzee, macho karibu yamekwisha, na Wakristo wachache tu. Miezi miwili haijapita, Januari 1875, aliyekuwa Akida wa ngome ya Mombasa aliasi, na manowari za Kiingereza zikaipiga Ngome ya Yesu kwa mizinga. Hayo ndiyo makaribisho aliyoyapata mwalimu wetu. Hata hivyo mwaka uleule alinunua ardhi upande wa bara, Kisauni, ng'ambo ya kivuko, kijiji kikaitwa Frere Town kwa heshima ya yule Gavana wa zamani.

Ndipo wanafunzi wake walipoanza kuja kutoka India. Walikuja wakaribia 150, waume kwa wake na watoto wao, na Waingereza wakawaita Waafrika wa Bombay. Walijenga nyumba, walipasua mbao, walifua vyuma, walifungua shule. Hawakuwa tena vijana wa kuamrishwa kukaa kimya darasani. Walikuwa na wake, na madeni, na maoni yao. Hata hivyo waliitikia wito wa mwalimu wakaacha nchi ambayo ndiyo pekee waliyoijua vizuri.

Tufikiri kidogo juu ya watu hawa. Kwa ramani walikuwa wamerudi kwao. Lakini kwao ni wapi? Myao aliyetekwa karibu na Ziwa Nyasa hakuwa mwenyeji wa Kisauni. Wadigo na Wagiriama na Waswahili wa Mombasa waliwaona kama wageni, watu waliovaa nguo za kigeni, wanaosema Kihindustani wakikasirika na Kiingereza wakitaka kujivuna. Kiswahili iliwapasa kujifunza upya. Askofu Steere wetu alifanya kwa namna nyingine: mwaka 1876 aliongozana na kundi la watu waliokombolewa kutoka Unguja, waliotaka kurudi kwao, na hivyo ukaanza mji wa Masasi. Sisemi Steere alifanya vema na Price vibaya. Wa Masasi walijua wanakokwenda. Wa Nasik walikuwa wamechukuliwa wadogo mno. Ujamaa walioujua ni ule wa Sharanpur, na mzee wa ujamaa huo alikuwa Price.

Septemba 1875 manowari zilianza kuteremsha watu Frere Town, na kwa muda mfupi wakawa mamia. Wapya hao waliitwa mateka, na jina hilo lilishikamana nao miaka mingi. Walikuwa wamekonda, wengine wagonjwa, na hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Hapo mafunzo ya Nasik yalionekana faida yake. Yule aliyekuwa mtoto katika jahazi miaka ishirini nyuma sasa alisimama ufukweni kuwapokea watoto wa majahazi, na ingawa amesahau lugha, hofu ile hakuisahau. Price aligawa posho, alipima mashamba, aliwaoza, aliwatibu, aliwafundisha. Mwaka 1876, yeye na mkewe wakiwa wamedhoofika kwa maradhi, walirudi Uingereza.

Hadithi nyingine za wamisionari zingekwisha hapo. Mwalimu ameondoka, wanafunzi wamebaki, barua moja mbili zimeandikwa. Ya Price haikwisha.

Baada yake kijiji kiliwekwa chini ya msimamizi mwingine, mtu hodari wa kulima na kujenga, lakini mwenye mkono mzito. Watu walichapwa viboko na kufungwa, na kijiji cha uhuru kikaanza kufanana na shamba la bwana. Waafrika wa Bombay hawakunyamaza. Walikuwa wamesoma, walijua kuandika, na waliijua Uingereza vya kutosha kujua kwamba huko mambo hayo hayatapendeza. Habari zikafika Unguja kwa wakubwa wa Kiingereza, zikafika London, uchunguzi ukafanywa, na mwaka 1881 msimamizi yule akaondoka. CMS ikatafuta mtu wa kwenda kutuliza mambo, mtu ambaye wale watu wangekubali kumsikiliza. Price akaja mara ya pili, akakaa mpaka mwaka 1882. Alikuwa karibu na miaka sitini.

Nadhani hapa ndipo tunapouona uhusiano ule ulivyokuwa. Wanafunzi waliteta juu ya mateso, na pia juu ya mishahara midogo na kudharauliwa. Kwa maneno mengine walikataa kuwa watoto. Na aliyeletwa kuwatuliza ni yule aliyewajua wakiwa watoto. Kuna wema ndani yake, na kuna kasoro. Price aliwapenda watu wake, hilo halina shaka. Alivuka bahari mara tatu kwa ajili yao wakati wenzake wa umri wake walikuwa wakikaa kando ya moto. Lakini yeye na chama chake walichelewa mno kuwapa madaraka. Jones na Semler walianza kazi Rabai mwaka 1864. Ushemasi waliupata mwaka 1885, kwa mikono ya Askofu Hannington, na upadri mwaka 1895. Hesabu mwenyewe: miaka thelathini na mmoja. Kwetu UMCA Cecil Majaliwa alipata upadri mwaka 1890, nasi tulidhani tumechelewa. George David, aliyekuwa amefanya kazi njema kati ya Wagiriama, alifariki mwaka 1884 bila daraja lolote.

Na ushemasi wa Jones ulianza kwa jaribu kubwa. Miezi miwili tu baada ya kuwekewa mikono, Julai 1885, aliondoka Rabai na Hannington kwenda Uganda kwa njia ya Umasaini. Karibu na Ziwa Viktoria askofu alimwacha Jones na sehemu kubwa ya wapagazi, akatangulia na watu hamsini. Tarehe 29 Oktoba Hannington aliuawa Busoga, na karibu wote aliokuwa nao. Jones aliwangoja, kisha aliposikia habari akawakusanya waliobaki, akawaongoza njia yote kurudi pwani. Februari 1886 waliingia Rabai wakitanguliwa na bendera ya buluu, juu yake limeandikwa neno Ikabodi, yaani utukufu umeondoka. Msafara huo uliongozwa na shemasi wa Nasik. Wanaosimulia kifo cha Hannington mara nyingi humsahau.

Sasa twafika safari ya tatu, nayo ndiyo nzito kuliko zote.

Rabai, chini ya uangalizi wa Jones, watu wengine walikuwa wakija ambao si mateka wa manowari. Walikuwa watoro, watumwa waliowakimbia mabwana wao wa Kiarabu na wa Kiswahili katika mashamba ya pwani. Kwa sheria ya nchi ile mali ya mtu ilikuwa mali ya mtu, hata kama mali hiyo ni binadamu, na CMS ilikuwa imeahidi kutowapokea watoro. Wamisionari wa Kizungu walidhani ahadi yao inashikwa. Lakini mtu aliyekuja usiku na alama za minyororo miguuni alikuta kwa Jones na Wakristo wa Rabai watu waliokuwa watumwa wenyewe. Mtu wa namna hiyo utamrudisha vipi? Walijenga vibanda, walilima, waliingia kanisani, wakazidi kuwa wengi.

Mwaka 1888 Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki ilianza kuitawala pwani ya Mombasa. Upande wetu huu Wajerumani nao walikuwa wameichukua pwani, na vita vya Abushiri vilikuwa vimeanza Pangani mwezi wa Agosti. Mombasa mabwana wa watumwa walikasirika. Walidai watu wao, na walikuwa na bunduki. Ikiwa watoro wangerudishwa, Rabai ingekuwa imewasaliti. Ikiwa hawangerudishwa, Rabai na Frere Town zingeweza kuchomwa moto. CMS ikamwomba Price, mzee wa miaka sitini na miwili, aende tena. Akaenda.

Watu walipohesabiwa ilionekana watoro ni wengi kuliko alivyodhani Mzungu yeyote. Price alijikuta mahali pagumu: chama chake kimetoa ahadi, na wanafunzi wake wa zamani ndio waliokuwa wamelea watu wale kimya kimya. Aliyekata kile kifundo alikuwa George Mackenzie, mkubwa wa Kampuni. Alizungumza na mabwana, wakakubali kupokea fidia, na zaidi ya paundi 3,000 zililipwa. Tarehe 1 Januari 1889, Rabai, watu waliitwa mmoja mmoja kwa majina wakapewa hati ya uhuru. Katika Rabai na Frere Town na vijiji vya Wamethodisti vya karibu, waliopata uhuru kwa mpango huo walizidi 1,400. Price alikuwako.

Wapo wanaosema uhuru haununuliwi, na kwamba kumlipa bwana ni kukubali kuwa alikuwa na haki. Nami nayaelewa maneno hayo. Lakini naomba msomaji asimame mahali pa mama mmoja wa Rabai, aliyelala miaka mitano akisikiliza kama mbwa wanabweka, na leo ana karatasi mkononi.

Price aliondoka mwaka 1889, na safari hii hakurudi tena. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu cha habari za safari yake ya tatu. Alifariki mwaka 1911, akiwa na miaka themanini na mitano.

Wanafunzi na jamaa zao walibaki, na kazi yao ilionekana kwa watoto wao. Mwaka 1903 shule ya kuwafundisha watumishi wa Kanisa ilianzishwa Frere Town. Mwaka 1930 ikahamia Limuru, nayo ndiyo mwanzo wa Chuo Kikuu cha St Paul's. Kutoka katika jamaa za Frere Town alitoka mwalimu James Mbotela, mwana wa mtumwa aliyeokolewa, aliyeandika kitabu cha Uhuru wa Watumwa kilichotoka mwaka 1934 na kusomwa shuleni hata huku kwetu. Wengi wenu mlimsikia redioni Leonard Mambo Mbotela wa Kenya, aliyefariki Februari 2025. Ni mtu wa jamaa hiyo hiyo. Na anayepita leo barabara ya kwenda Kisauni ataiona kengele ya Frere Town ikiwa bado imesimama. Mahali pale paitwa Kengeleni. Kengele ile ilipigwa zamani kuwaita watu sala, na pia kuwaonya wajifiche, wakati wakamata watumwa walipoonekana.

Jacob Wainwright hakukaa Mombasa. Alizunguka na misafara, akafia Urambo katika nchi ya Unyamwezi mwaka 1892, mbali na wenzake wa shule. Chuma alifia Unguja mwaka 1882, akihudumiwa na UMCA. Wa mwisho anayejulikana wa wale waliombeba Livingstone alikuwa Matthew Wellington, Myao aliyeitwa Chengwimbe kabla ya jahazi na kabla ya Nasik. Alizeekea Mombasa kati ya watoto na wajukuu wa wanafunzi wenzake, akafariki mwaka 1935, miaka ishirini na minne baada ya mwalimu wake.